Maswali ya wasomaji: Wodi inapomkabidhi mgonjwa kwa familia

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaouguza ndugu zao nyumbani bila malipo. Moja imetoka kwa muuguzi anayetaka kuwasaidia watu kama hao. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Mama alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Kesho kutwa anaruhusiwa, na tumeambiwa tu kwamba "mtaendelea naye nyumbani." Mimi ndiye nitakayebaki naye na sijui hata kumgeuza. Nianzie wapi?

Usiondoke wodini kabla hujafanya kwa mikono yako yale utakayoyafanya nyumbani, muuguzi akiwa amesimama kando. Kuonyeshwa peke yake hakutoshi. Mwombe muuguzi wa zamu akuonyeshe kumgeuza mama, kumhamishia kitini, kumlisha, kumsafisha na kumpa dawa. Kisha fanya wewe, huku ukimweleza kwa maneno yako unachofanya na sababu yake. Ukikosea, utasahihishwa palepale. Mara nyingi maelezo haya hutolewa asubuhi ya kuondoka, gari likingoja nje na karatasi zikitafutiwa saini, na nusu yake husahaulika kabla ya kufika mlangoni. Anza kuyaomba leo.

Kwa kiharusi, linda kwanza bega. Misuli iliyokuwa ikishikilia mfupa wa mkono imelegea, kwa hiyo uzito wa mkono wenyewe huuvuta mfupa utoke mahali pake. Ukimwinua mama kwa kumvuta mkono huo au kumshika makwapa, bega litaanza kuuma kiasi kwamba hatakubali kuguswa, na mazoezi yatakwama. Anapokaa, mkono ulale juu ya mto, usining'inie. Unapomvisha nguo anza na mkono uliolegea. Unapomvua, maliza nao.

Kumhamisha kutoka kitandani, weka kiti upande wake wenye nguvu, yaani kushoto kwa mama yako, kikiwa kimekaribiana kabisa na kitanda na breki zimefungwa kama kina magurudumu. Nyayo zote mbili ziwe sakafuni, ndani ya viatu visivyoteleza. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Asipoinama hivyo, uzito wake wote utabebwa na mgongo wako.

Halafu uliza kama amepimwa kumeza, na chakula na vinywaji vyake viwe vizito au laini kiasi gani. Ale akiwa amekaa wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko kidogo, ungoje ameze, kisha uangalie shavu la upande uliolegea maana chakula hujificha humo. Kukohoa akila, sauti ya majimaji baada ya kunywa, au homa za kifua zinazojirudia ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa. Wengine hupaliwa bila kukohoa hata kidogo, ndiyo maana kipimo hicho kina umuhimu.

Karatasi nazo. Dai orodha moja ya dawa inayoonyesha ipi ni mpya, ipi imebadilishwa dozi na ipi imesimamishwa. Kosa linalotokea sana ni hili: pakiti za zamani bado zipo nyumbani, wodini dawa ileile imeandikwa kwa jina jingine la kibiashara, na mgonjwa anapewa zote mbili. Pata pia namba ya simu inayopokelewa usiku, tarehe ya kliniki, na dalili za kurudi haraka bila kuingoja tarehe hiyo. Jina lako na namba yako viandikwe kwenye faili kama mtu anayemuuguza. Sehemu ya "ndugu wa karibu" inaweza kuwa na jina la kaka anayeishi mbali, ilhali anayepaswa kupigiwa dawa ikibadilika ni wewe.

Na kama kuna kazi usiyoiweza, iseme wodini, kabla ya kuondoka. Mpango wa kumruhusu mama unachukulia kwamba usiku kuna mtu wa kumgeuza. Kama mtu huyo hayupo, daktari anahitaji kujua hilo kama anavyohitaji kujua presha yake.

Mume wangu ana ugonjwa wa akili. Daktari wake hukataa kuzungumza nami, anasema habari za mgonjwa ni siri. Lakini mimi ndiye ninayeishi naye.

Siri ya mgonjwa inamzuia daktari kukueleza habari za mumeo. Haimzuii kukusikiliza. Wahudumu wengi huchanganya mambo haya mawili, na familia hugeuzwa mlangoni ikiwa na habari ambazo zingebadilisha matibabu: hajalala siku tatu, vidonge amevificha chini ya godoro, ameanza kusema maneno ya kujiua. Ziandike kwenye nusu ukurasa, kwa tarehe, ulichokiona na ulichokisikia bila kuongeza tafsiri yako, na uombe karatasi iwekwe kwenye faili. Fahamu tu kwamba mgonjwa anaweza kuwa na haki ya kulisoma faili lake. Kama hutaki ajue habari zimetoka kwako, sema mapema.

Maelezo ya jumla nayo si siri. Daktari anaweza kukueleza ugonjwa wa aina hiyo huendaje, madhara ya kawaida ya dawa zake, na nani wa kupigiwa wakati wa dharura, bila kugusa chochote alichoambiwa na mumeo.

Baada ya hapo shughulikia ridhaa. Mumeo aulizwe siku akiwa ametulia, na aulizwe kwa vipande: Je, mke wako aelezwe dawa na tarehe za kliniki? Aelezwe mazungumzo yako na mshauri? Watu wengi hukubali la kwanza na kukataa la pili, na hilo linatosha kwa kazi yako. Jibu liandikwe, na swali lirudiwe kila baada ya miezi michache. "Hapana" iliyotamkwa siku ya kulazwa, akili ikiwa imevurugika, huachwa kwenye faili kwa miaka kana kwamba ni hukumu.

Palipo na hatari ya yeye kujidhuru au kumdhuru mtu, usingoje ridhaa yoyote. Piga simu ya dharura.

Baba hatoki kitandani. Juu kidogo ya makalio pametokea wekundu, na nimeshauriwa nipasugue ili damu itembee. Ni sahihi?

Usipasugue. Ngozi hiyo imebanwa kati ya mfupa na godoro hadi ikakosa damu, na kusugua huharibu mishipa midogo iliyobaki. Mlaze upande mwingine, kisha ubonyeze pale kwa kidole na uachie. Wekundu ukipotea na kurudi, ngozi bado ina nafasi ya kupona ukiondoa uzito. Usipopotea, tayari ni kidonda cha kulalia cha hatua ya kwanza, hata kama hapajachubuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani kabisa: tafuta palipoingia weusi zaidi au rangi ya zambarau, penye joto au baridi kuliko pembeni, pagumu au palipolainika kupita kawaida, au anaposhtuka ukipagusa.

Kwenye godoro la kawaida, mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na mgongo wekundu ukishapona. Bandika ratiba ukutani na anayemgeuza aandike saa. Kosa kubwa hapa ni kumlaza ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga, maana unahamisha tatizo tu. Mwinamishe nyuzi 30 hivi, mto mmoja ukiwa nyuma ya mgongo, ili uzito ukae kwenye nyama ya kalio. Mto mwingine uwe kati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi ili visigino vielee bila kugusa godoro. Visigino husahaulika sana na vidonda vyake huchukua miezi kupona.

Sehemu ya kichwa ya kitanda isiinuliwe zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye. Ikiinuliwa zaidi, mwili huteleza chini polepole huku ngozi ikibaki imeng'ang'ania shuka, na tabaka za ndani huchanika kabla ya nje kuonekana chochote. Kwa sababu hiyohiyo, unapompandisha juu mnyanyueni watu wawili kwa shuka, asiburutwe. Mto wa duara wenye tundu katikati usitumike, kwani ukingo wake hukata damu kuzunguka tundu. Nepi ikilowa ibadilishwe mara moja, pakaushwe kwa kugusagusa, kisha pakwe mafuta mazito ya kukinga maji.

Kumgeuza mtu kila saa 2 usiku kucha, peke yako, kutakumaliza. Hilo nalo mweleze muuguzi. Godoro la sponji maalumu la kupunguza shinikizo, au la hewa, linaweza kurefusha muda hadi saa 4 kwa mgonjwa ambaye ngozi yake haibaki na alama, na saa mbili za ziada za usingizi ni sababu halali ya kuliomba. Mpeleke baba kituoni bila kuchelewa ngozi ikifunguka, ikitoa usaha au harufu, ikigeuka nyeusi, au akipata homa.

Mgongo wangu unaniuma kwa kumnyanyua mke wangu. Kuna mkanda wa kuvaa?

Mkanda wa kiunoni hautakusaidia sana. Badilisha namna ya kumhamisha. Asikushike shingoni hata siku moja, kwani akiteleza mnaanguka wote. Kitanda kiwe usawa wa kiuno chako unapomhudumia, hata kama itabidi kuweka miguu ya kitanda juu ya matofali imara. Kumsogeza kitandani, tumia shuka la kuteleza lililotengenezwa kwa kitambaa laini chenye tabaka mbili, umtelezeshe badala ya kumnyanyua. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, aje nyumbani mara moja tu aone chumba chenyewe, maana mafunzo ya kwenye kitanda cha hospitali hayafanani na kitanda kilichobanwa ukutani. Na asipoweza kabisa kusimama kwa miguu yake, kumhamisha ni kazi ya watu wawili au ya mashine ya kunyanyulia. Hakuna mbinu ya mtu mmoja iliyo salama.

Mama yangu ana dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huuliza swali moja mchana kutwa, na wiki hii halali kabisa usiku. Juzi nilimshika mkono kwa nguvu hadi ukabaki alama. Naogopa kumwambia daktari.

Mwambie, dada yetu, na umwambie hivyohivyo ulivyotuandikia. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kwa nini mambo yamebadilika wiki hii. Dimenshia huenda polepole. Mtu aliyevurugika zaidi ndani ya siku chache ana uwezekano mkubwa wa kuwa na jambo jingine juu yake: maambukizi ya mkojo au kifua, choo kilichokwama, maumivu asiyoweza kuyaeleza, upungufu wa maji, au dawa mpya. Mengi ya hayo yanatibika, na usingizi hurudi, wake na wako.

Kazi ya pili ni wewe. Omba miadi kwa jina lako, faili lako, siku yako. Ukizungumzia hali yako dakika ya mwisho ya kliniki ya mama, utaambiwa "pole, jitahidi" na mlango utafungwa. Nenda na namba: unalala saa ngapi kwa usiku, unaamshwa mara ngapi, mara ya mwisho kutoka nyumbani peke yako ilikuwa lini. Sema pia kama kwa wiki mbili zilizopita siku nyingi umekuwa huna raha na chochote au umekata tamaa. Maswali hayo mawili ndiyo mhudumu huanza nayo kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona ina tiba.

Kupumzishwa kupangwe kabla hujafika ukingoni. Familia nyingi huomba nafasi ya kumlaza mgonjwa wiki mbili mahali pengine wakati tayari nyumba inawaka, na mgonjwa wa dimenshia akihamishwa ghafla huzidi kuchanganyikiwa. Anza na saa 2 au 3, mara mbili kwa wiki, mtu yuleyule aje nyumbani. Mwachie ukurasa mmoja: mama anapenda kuitwa vipi, huenda chooni saa ngapi, nini humtuliza, nini humchokoza. Usitumie saa hizo kufua.

Hasira ikipanda leo, hakikisha amekaa salama, kisha toka chumbani dakika 5. Swali lake usilijibu kwa kubishana naye. Anayeuliza "tunaenda nyumbani lini?" akiwa nyumbani kwake mara nyingi anasema ana hofu. Mshike mkono, mwambie uko naye, mpe kitu cha kufanya.

Sisi ni kituo kidogo cha afya. Tunawaona hawa wanaouguza kila siku wakiwa wameketi nyuma ya wagonjwa wao. Bajeti hatuna. Tunaweza kufanya nini hasa?

Anzeni kwa kuwajua. Kwenye fomu ya mgonjwa ongezeni mistari miwili: "Nani anakuuguza?" na "Je, wewe unamuuguza mtu?" Swali la pili liulizwe kwa kila mgonjwa mtu mzima, kwa sababu mama anayekuja na presha isiyoshuka huenda anaamka mara nne usiku kwa ajili ya mumewe. Wengi hawatajibu "ndiyo" mkiwaita kwa jina la kitaalamu. Watasema mimi ni mke tu, mimi ni mtoto tu. Ulizeni kuhusu kazi: nani anampa dawa, nani anamwogesha. Kisha wekeni alama juu ya faili ionekane na kila mtu.

Mkishawajua, wapimeni. Dodoso la Zarit, linalopima uzito wa mzigo wa anayeuguza na lililoanzia mwaka 1980, hutumika sana. Lina maswali 22, kila moja hupewa alama 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 88. Lipo pia fupi la maswali 12, na la kuchuja la maswali 4 linalofaa foleni ndefu. Onyo letu ni moja: msimpime mtu kama hamna la kumpa alama zikiwa juu. Jibu linaweza kuwa dogo, kama simu ya muuguzi baada ya wiki mbili au miadi ya peke yake, lakini liwepo siku hiyohiyo.

Yanayofuata hayagharimu zaidi ya utaratibu. Wapeni miadi ya kwanza asubuhi au ya mwisho, maana kumngoja daktari kwa muda wa saa tatu na mgonjwa asiyeweza kukaa ni adhabu. Unganisheni kliniki za mgonjwa na za anayemuuguza siku moja. Dawa ziandikwe za muda mrefu inapowezekana, dozi zikipunguzwa kutoka mara nne kwa siku hadi mara mbili. Mara moja kwa mwezi fanyeni somo la saa moja na nusu kwa watu 8 hadi 10, kwa vitendo, somo moja tu kila mara: kugeuza, kulisha, mpira wa mkojo. Mihadhara ya "jitunze" acheni. Mtu asiyelala hahitaji kuambiwa umuhimu wa usingizi. Kwa dimenshia, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya iSupport yaliyoandaliwa kwa ajili ya familia, na mnaweza kuyatumia kama msingi wa somo.

Mkihitaji hoja kwa wakubwa wenu, mifano ya kisheria ipo. Uingereza, sheria ya huduma ya mwaka 2014 iliwapa wanaouguza watu wazima haki ya kutathminiwa mahitaji yao wenyewe, hata kama mgonjwa amekataa huduma. Marekani, jimbo la Oklahoma lilipitisha mwaka huohuo wa 2014 sheria inayotaka hospitali iandike jina la anayeuguza, imjulishe kabla ya mgonjwa kuruhusiwa na imfundishe kazi atakazozifanya, na majimbo mengi yakafuata. Ujerumani, ambayo bima yake ya uangalizi ilianza 1995, hutoa mafunzo ya bure kwa familia na huwachangia pensheni wanaouguza angalau saa 10 kwa wiki, kwa masharti fulani. La Oklahoma ndilo rahisi kuiga kesho asubuhi: kuandika jina, kujulisha na kufundisha kunahitaji kalamu na dakika 20.

Nina mwanafunzi wa miaka 13 darasani anayemuuguza mama yake. Husinzia. Nimripoti?

Mwalimu, zungumza naye kwanza, faragha, na umuulize anafanya nini nyumbani badala ya kwa nini anasinzia. Watoto hawa huficha kwa kuogopa kutenganishwa na mzazi, kwa hiyo mweleze wazi utamwambia nani na kwa sababu gani. Kupika, kumletea mama maji na kukaa naye ni msaada wa kawaida wa mtoto. Kuchoma sindano, kumwogesha mzazi, kumnyanyua, kuamka usiku na kutunza dawa kali havipaswi kuwa mikononi mwake. Mwambie ofisa ustawi wa jamii kazi hizo moja moja, na umwombe awasiliane na kituo kinachomtibu mama. Kituo hicho huenda kimeandika "anatunzwa na familia" bila kujua familia ni nani.

Kwa kifupi

*Mpira wa mkojo hautoi kitu.* Angalia kama umekunjika au mgonjwa ameulalia, na kama mfuko uko chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Choo kilichokwama nacho huweza kuubana. Saa 4 bila mkojo, au tumbo la chini likivimba na kuuma, nenda kituoni. Mfuko umwagwe ukifika theluthi mbili.

*Sukari ya baba imeshuka chini ya 4 (mmol/L).* Akiwa anajitambua na kumeza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka, kwa mfano vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Akiwa amezimia usitie chochote mdomoni: mlaze ubavu, piga simu ya dharura.

*Naweza kusaga vidonge?* Siyo vyote. Vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja vikisagwa, na vyenye ganda la kuvilinda na asidi ya tumbo huharibika. Mpelekee mfamasia pakiti zote, umwambie mgonjwa hawezi kumeza. Nyingi zina aina ya maji, ambayo hupimwa kwa bomba la dawa lenye alama za mililita, kwa kuwa vijiko vya jikoni hupishana ujazo.